Kulinda kipande cha njia ya kale ya misafara ndani ya kijiji: halmashauri ianzie wapi?

MjumbeWaKata

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba mwongozo kwa wanaoijua kazi hii. Kijiji kipo kwenye ukanda wa njia ya kati ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji. Kuna kipande cha kilomita 4 hivi ambacho bado kinasomeka ardhini. Njia imedidimia kati ya kingo mbili, kuna miembe mikubwa 23 katika safu zilizokatikakatika, kisima cha zamani kilichozungushiwa mawe, na makaburi ambayo koo mbili bado zinayafyekea kila mwaka. Pembeni lipo gofu la tembe (nyumba ya udongo yenye paa la udongo), kuta tatu zimesimama.

Vitisho vyenyewe ni hivi: barabara ya kata itapanuliwa mwaka huu wa fedha, vijana wanafyatua tofali karibu na kisima, na chini ya miembe miwili tayari yapo mashimo ya watu wanaotafuta mali za Mjerumani, yaani hazina inayosemekana Wajerumani waliifukia.

Diwani anataka tuanze na bango kubwa barabarani na sherehe ya uzinduzi. Afisa utamaduni anasema tuandike Idara ya Mambo ya Kale ili eneo litangazwe. Mtendaji wa kijiji anasema sheria ndogo inatosha. Fedha ni za mapato ya ndani, na ni chache. Kipi kitangulie, na wengi hukosea wapi?

---

NyayoZaWapagazi

Mkuu, bango liwe la mwisho kabisa. Ukisimamisha bango leo linalosema "njia ya misafara, miembe ya kihistoria", umewaonyesha wachimbaji wa mali za Mjerumani pa kupiga sururu. Wao husoma kila mti mkubwa na kila jiwe lililosimama kama alama ya hazina. Kwanza ardhi ipate ulinzi kwenye karatasi na walinzi kijijini, ndipo mtangaze.

Kabla ya hapo mnahitaji kitu ambacho vijiji vingi hawana: ramani inayoaminika. Fanyeni hivi.

Tembeeni na wazee njiani, msiwaite ofisini. Mzee akiwa kwenye kiti cha ofisi atakupa historia ya jumla, lakini akisimama penye kisima atakuambia jina la kisima, jina la kilima kinachofuata, na wapi maji hukauka Septemba. Majina ya mahali ni ushahidi mzito. Misafara ilipanga mwendo wake kwa maji. Ndiyo maana nyika ya Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, ilijulikana kwa maji yake ya chumvichumvi, na ndiyo maana kulikuwa na tirikeza, mwendo wa alasiri wa kwenda kulala pasipo na maji ili kesho yake wayafikie mapema. Kisima chenu kinaweza kuwa ndicho sababu ya njia kupita hapo. Waulizeni wazee watatu au wanne kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe.

Angalizo moja zito. Njia hii ilibeba pembe za ndovu na vitambaa, na ilibeba watu waliouzwa. Zipo familia ambazo asili yao ni watu walioachwa njiani au waliokombolewa. Usiulize habari hizo mkutanoni wala mbele ya watu wa ukoo mwingine, na usiandike jina la ukoo kwenye ripoti bila ridhaa yao.

Sasa vipimo. Chukueni nukta za GPS kila mita 50, yaani nukta 81 kwa kilomita 4, pamoja na nukta ya kila mwembe, kisima, pembe za gofu na pembe nne za eneo la makaburi. Simu ya kawaida hukosea mita 3 hadi 5, na zaidi chini ya majani mazito. Simama dakika moja au mbili kabla ya kuhifadhi nukta. Kwa kila nukta piga picha mbili, moja ya mbali na moja ya karibu yenye rula au fimbo iliyopimwa.

Penye makosa mengi ni hapa: ramani za zamani za serikali za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, lakini simu na mashine za GPS hutoa WGS84. Ukichanganya mifumo hiyo bila kubadilisha, mstari wako unahama karibu mita 300, zaidi kaskazini-kusini. Mita 300 zinatosha kuweka njia ndani ya shamba la mtu mwingine kabisa, na mgogoro wa ardhi unaanzia hapo. Andikeni pia kanda ya gridi ya ramani (UTM). Bagamoyo na Mpwapwa zipo kanda ya 37 kusini, Kilimatinde na Tabora kanda ya 36, na ukifika Ujiji upo kanda ya 35. Namba isiyo na kanda wala mfumo haina faida kwa atakayekuja baada yenu.

Mtakutana na mtu atakayewapa ramani ya Kijerumani ya 1:300,000, ambayo huonyesha barabara za misafara. Ni nzuri kwa kujua vijiji vilivyotajwa, lakini haitoi mpaka. Kwa kipimo hicho milimita moja ni mita 300, hivyo unene wa mstari pekee unaweza kufunika mita 150 za ardhi.

Na si kila safu ya miembe ni njia ya misafara. Baadhi ilipandwa wakati wa ukoloni kando ya barabara za serikali. Safu iliyonyooka yenye nafasi sawa kati ya mti na mti inaelekea upande huo. Vikundi visivyo na mpangilio karibu na maji vinaelekea kuwa kambi ya misafara. Hizo ni dalili tu. Dalili ikikutana na njia iliyodidimia, kisima, na shanga au vigae juu ya ardhi, hapo mna hoja ya kuandika.

Mkiona shanga, kauri au kigae, msiokote. Piga picha, weka nukta, kiache. Kuchimba bila leseni ya Mambo ya Kale ni kosa hata kama anayechimba ni halmashauri.

---

Kanuni_na_Mihtasari

Naungana na mkuu hapo juu kuhusu bango. Niingie kwenye sheria, kwa sababu afisa utamaduni na mtendaji wote wana hoja, ila kila mmoja ameshika nusu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka. Majengo, makaburi na kazi nyingine za mikono ya watu za kabla ya mwaka huo zinalindwa hata kama hazijatangazwa. Kwa vya baada ya hapo, Waziri anaweza kulitangaza eneo kwenye Gazeti la Serikali. Shida yenu ni kuthibitisha umri. Tembe linaweza kuwa la 1850 au la 1920, na ukuta wa udongo hausemi wenyewe. Miembe haimo kabisa kwenye ulinzi huo wa moja kwa moja. Kwa hiyo andikeni Mambo ya Kale, tena mapema, lakini msikae mkisubiri jibu huku greda linaingia.

Wapo watakaowaambia njia hii ipo UNESCO, basi imelindwa. Ipo kwenye orodha ya mapendekezo ya Tanzania tangu 2006, pamoja na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Orodha ya mapendekezo ni nia ya nchi tu. Haimzuii mtu kulima, kujenga wala kuchimba, na hata ingekuwa Urithi wa Dunia, kijiji kisicho kwenye orodha ya vituo hakipati kitu moja kwa moja.

Silaha yenu ya karibu ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Kama kijiji kina cheti cha ardhi na mpango umeshapita, ombeni mapitio ya mpango ili ramani iongezewe tabaka la "njia ya kihistoria na malikale". Kama mpango haujafanyika, mtaingia kwenye hatua sita za kawaida za mpango shirikishi, na hapo hakikisheni nukta zenu 81 zinafika mikononi mwa timu ya wilaya kwenye hatua ya upimaji. Mkizipeleka baada ya rasimu kuchorwa, zitabaki kiambatisho ambacho hakuna anayekifungua.

Baada ya hapo ndipo sheria ndogo, kwa sababu itakuwa na kitu cha kushika. Sheria ya Mambo ya Kale inazipa serikali za mitaa nafasi ya kutunga sheria ndogo za kulinda urithi ulio kwenye maeneo yao. Kwa ya kijiji, halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, kisha inakwenda kwa baraza la madiwani kuidhinishwa. Ya wilaya ni ndefu zaidi: wananchi watangaziwe na wapewe muda wa kuleta mapingamizi, baraza lipitishe, ipite mkoani, iende kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, kisha ichapwe kwenye Gazeti. Mimi ningeanza na ya kijiji.

Rasimu hurudishwa kwa mambo haya, karibu kila mara yaleyale. Muhtasari wa mkutano mkuu hauna orodha ya mahudhurio yenye saini, au akidi haikutimia. Faini imewekwa juu ya ukomo wa sheria mama. Neno "eneo la kihistoria" limeachwa bila tafsiri. Na kosa kubwa kuliko yote, hakuna jedwali la nukta wala ramani iliyoambatishwa, hivyo mshtakiwa anauliza mpaka uko wapi na anayesikiliza kesi hana jibu.

Makatazo yawe ya vitendo vinavyoonekana: kuchimba shimo la aina yoyote, kufyatua na kuchoma tofali, kukata au kuchuna gamba mti uliowekewa namba, kuondoa mawe ya kisima, kujenga jengo la kudumu, kuchukua kifusi. Ukiandika "ni marufuku kuharibu urithi wa kijiji" hutampata hata mmoja na hatia.

Kuhusu fedha: bila kasma (fungu la bajeti) hakuna malipo, hata kama madiwani wote wamepiga makofi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini mapendekezo ya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Leteni shughuli yenu kama mradi wa kijiji kwenye zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na gharama iliyogawanywa: upimaji, vigingi, mikutano. Mkiweka "uhifadhi wa malikale" kwa mkupuo, sehemu kubwa itakwenda kwenye posho za vikao.

---

Kifusi_na_Kalvati

Nimesoma mtiririko mzima, na hakuna aliyegusa hatari iliyo karibu kuliko zote. Barabara inaingia mwaka huu wa fedha. Sheria ndogo haitawahi.

Wengi huangalia upana wa barabara, lakini kinachoua njia ya kale mara nyingi ni shimo la kuchota kifusi. Mkandarasi anahitaji moramu (udongo wa changarawe wa kujengea barabara) ndani ya umbali mfupi ili asichome mafuta mengi. Atatafuta tuta au mwinuko wa karibu, na kingo za njia iliyodidimia humvutia, hasa udongo wake ukiwa mwekundu wenye changarawe. Tingatinga likiingia siku mbili, kilomita nzima imekwisha. Habari njema ni kwamba kwenye ardhi ya kijiji atalazimika kuzungumza na serikali ya kijiji kuhusu machimbo. Hapo mna nguvu kuliko mnavyodhani. Wapeni machimbo mbadala mapema, mahali pawili, mkiwa na muhtasari wa kikao. Ukimkatalia bila kumpa pengine pa kuchota, atapapata usiku.

Jambo la pili ni barua kwa wakala anayesimamia barabara, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na mhandisi, kabla jedwali la gharama za kazi halijafungwa. Ombeni mambo matatu tu: (1) katikati ya barabara isogezwe pale inapokaribia safu ya miembe, (2) mitaro na kalvati visitoe maji kuelekea njia ya kale wala makaburi, (3) mkataba uwe na kifungu cha vitu vitakavyogunduliwa wakati wa kazi. Kifungu hicho kikiwa na mstari wake wa malipo, mkandarasi husimama bila kelele, kwa sababu muda wa kusubiri analipwa. Kikiwa maneno matupu hasimami.

Kifungu kiseme wazi: kazi isimame umbali wa mita 30 kuzunguka kilichoonekana, kisiguswe, kipigwe picha, mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wapewe taarifa siku hiyohiyo, nao waifikishe Mambo ya Kale. Mashine zihamie kipande kingine.

Suala la maji limebomoa zaidi ya watu wanavyofikiri. Njia iliyodidimia tayari ni mfereji. Ukielekeza mtaro mmoja humo, mvua za masika mbili zinatosha kuifanya korongo. Mkague kila sehemu ya kutolea maji kwenye michoro, siyo site pekee.

Vigingi vya mpaka pia msivipuuze. Kwa kilomita 4, kigingi kila mita 200 pande zote mbili ni 42. Tengenezeni 50 ili pinda zote zipate chake. Ukubwa sm 15 kwa 15, urefu sm 90, sm 60 zikae ardhini. Zege la 1:2:4, nondo nne za mm 8 zenye urefu wa sm 80. Vigingi 50 vinakula zege la mita moja ya ujazo, mifuko 7 ya saruji ya kilo 50, na nondo 14 za mita 12. Visimikwe upande wa nje wa mstari na kamwe si ndani ya kambi au karibu na makaburi, maana kila shimo la sm 60 ni uchimbaji. Pale panapotia shaka panda minyaa, tena nje ya mstari.

---

FundiUdongo

Kuhusu gofu la tembe, ombi moja: msikubali mtu alipige plasta ya saruji. Viongozi wakija kukagua, wazo la kwanza huwa hilo, kwa sababu inaonekana imara.

Ukuta wa udongo unavuta unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unakaa nyuma ya plasta na udongo unalainika. Kwa nje ukuta unaonekana mzima kwa muda, kisha siku moja plasta inaanguka kama ubao, nayo imeng'ang'ania sm 5 za ukuta wa asili. Kwenye majengo ya mawe ya matumbawe kule pwani ni hivyohivyo, na huko chumvi inaongeza balaa. Dawa yake ni chokaa iliyozimwa na kuachwa ikae miezi, kisha sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga safi. Bara, kwa tembe, dawa ni udongo uleule.

Angalieni chini ya ukuta, kuanzia ardhini hadi goti. Hapo ndipo matone ya mvua yanaporuka na kula. Mkikuta ukuta umeliwa kwa ndani kama meno yaliyooza, hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Ondoa udongo uliolegea kwa mkono na brashi, lowanisha kidogo, jaza kwa udongo uliochekechwa, uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa vipande vya sm 5 na kuvundikwa siku 3 hadi 7. Jaza kwa tabaka za sm 3, kila moja ikikauka kivulini. Ukijaza sm 10 kwa mara moja inapasuka na kutoka yote.

Kujua kama udongo unafaa, chukua chupa ya kuonyesha ndani, jaza theluthi udongo, maji hadi juu, tikisa, acha hadi kesho. Mchanga utakaa chini, tope laini juu yake. Tope likizidi theluthi, ongeza mchanga, la sivyo itapasuka.

Msiezeke paa jipya kwa sasa. Paa la tembe lina uzito mkubwa wa udongo, na kuta tatu zisizofungamana haziwezi kulibeba. Wekeni kibanda chepesi cha nyasi chenye nguzo zake nje ya kuta, kipite nje ya kuta kwa mita 1 kila upande, na mtaro mdogo wa kugeuza maji upande wa juu wa mteremko, usiogusa msingi. Mchwa wafuatilieni kila mwezi kwenye nguzo. Na kabla ya kuondoa hata tofali moja lililoanguka, picha na mchoro kwanza. Kifusi cha ndani kinaweza kuwa kimefunika sakafu.

---

MjumbeWaKata

Asanteni sana wakuu, nimeandika kila kitu. Yamebaki mawili. Upana wa ukanda uwe kiasi gani, maana ndani yake kuna mashamba ya kaya kadhaa? Na miembe: mitatu ina uwazi kwenye shina na mmoja umeungua chini. Tukate tupande mipya?

---

NyayoZaWapagazi

Njia yenyewe ilikuwa nyembamba, watu walifuatana mmoja nyuma ya mwingine, lakini ilihamahama kidogo kila mti ulipoanguka au maji yalipotuama. Kwa hiyo mita 15 kila upande wa mstari wa katikati zinatosha sehemu nyingi, na mita 100 kuzunguka kisima, ambako kambi ingekuwa. Kilomita 4 kwa mita 30 ni hekta 12, kabla ya kuongeza kisima. Pelekeni hesabu hiyo mkutano mkuu ikiwa wazi, kwa sababu mtu wa kwanza kuuliza atauliza hekta.

---

Kanuni_na_Mihtasari

Kwenye mashamba msitwae ardhi. Mkimwondoa mtu kwenye haki yake ya kimila mnadaiwa fidia, na bajeti yenu inaishia hapo. Wekeni masharti ya matumizi: jembe la mkono ruksa, mazao ya msimu ruksa, kuchunga ruksa, trekta, shimo la choo, tofali na nyumba ya kudumu hapana. Mwenye shamba anabaki mwenye shamba. Kila mmoja asaini karatasi yenye mchoro wa shamba lake mbele ya mtendaji na jirani wa pande zote. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila, sharti liingizwe kwenye kumbukumbu za ardhi za kijiji ili amfikie atakayerithi.

Vijana wa tofali nao muwape eneo lingine kwenye kikao hichohicho, lenye maji na njia ya gari. Wakiondolewa bila eneo watarudi kisimani.

---

KivuliNaMizizi

Usikate. Mwembe mkongwe kuwa na uwazi ndani ya shina ni kawaida; uhai wake uko kwenye tabaka la nje karibu na gamba. Hatari ni pale uwazi unapofika zaidi ya theluthi moja ya mzingo ukiwa wazi upande mmoja, au mti umeinama juu ya mahali watu hupita. Hapo punguza matawi mazito ya upande ulioelemewa, kidogokidogo kwa misimu miwili, usivue robo ya majani kwa mara moja. Uwazi usizibwe kwa zege, maji yatakusanyika nyuma yake.

Ulioungua chini, zungushieni miiba wanafunzi na wachoma mkaa wasiweke moto tena, na muusubiri misimu miwili ya mvua kabla ya kuamua.

Kipimo cha eneo la mizizi muwape watu wa barabara kwa namba. Pima mzingo wa shina mita 1.3 juu ya ardhi, gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, zidisha kwa 12. Mzingo wa sm 377 ni kipenyo cha sm 120, basi mita 14.4 kuzunguka mti greda lisikwangue, gari lisiegeshwe, kifusi kisimwagwe. Mtaro ukikata mizizi upande mmoja leo, mti hauanguki leo. Huanza kukauka ncha miaka mitatu baadaye, na hapo hakuna anayekumbuka mtaro.

Kwa mapengo, chukueni vikonyo kutoka miti hiyohiyo mbebeshe kwenye miche ya kokwa za hapohapo. Kokwa zioteshwe ndani ya wiki mbili tangu kuliwa, zikiwa zimetolewa ganda gumu, mgongo ukiwa juu. Na mpande pale mti wa zamani uliposimama, kwenye kisiki kilichooza. Ardhi hiyo imeshavurugwa na mizizi, hivyo shimo lako haliharibu tabaka jipya. Kila mti, wa zamani na mpya, upewe namba kwenye kibati kinachofungwa kwa waya uliolegea. Misumari hapana.

---

Mkaya_Kilifi

Salamu kutoka pwani ya Kenya. Nyongeza kuhusu makaburi. Kwetu kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ziliingia Urithi wa Dunia 2008, na kilichozishikilia ni wazee wa kaya wenyewe kuwa na sauti juu ya nani aingie na lini. Kwenu Tanzania ipo michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoorodheshwa 2006, ambako watu bado wanafanya matambiko kwenye eneo liitwalo Mungomi wa Kolo. Koo zile mbili zinazofyeka makaburi ziwekwe kwenye kamati kwa maandishi, na funguo ya maamuzi ya eneo hilo iwe kwao. Nukta za GPS za makaburi zisichapishwe kwenye bango, ukurasa wa halmashauri wala brosha. Zikae kwenye jalada la kijiji na la wilaya basi.

---

MjumbeWaKata

Nimewaelewa wakuu. Barua ya barabara inaandikwa wiki hii, pamoja na muhtasari wa machimbo mbadala mawili. Upimaji wa nukta 81 tutaanzia kisimani, wazee wanne wamekubali kutembea. Suala la bango limeondolewa kwenye ajenda ya kikao kijacho.

---

Kifusi_na_Kalvati

Vizuri mkuu. Kwenye barua ambatisha picha za kingo na orodha ya miembe yenye namba na umbali wa mizizi kwa kila mti. Mhandisi akipata mita 14.4 kwenye karatasi ataichora. Na muombe nakala ya michoro ya mitaro kabla mkandarasi hajakabidhiwa site.